Tohe Si Nzohe

Ngozi niliianika mwenyewe. Tena sikuianika nyuma ya nyumba kwenye mibuni, mahali ilipozoea, bali mbele, juu ya boriti iliyopita kwenye nguzo mbili za lango la ua, ili mgeni yeyote asiweze kuingia kwetu bila kuinamisha kichwa chini yake. Nikaifuta vumbi kwa kiganja, nikaivuta ncha zote zikakaa sawa, nikarudi jikoni kumenya ndizi kama mtu ambaye hajafanya lolote. Kisu kikanikata kidole gumba.

Siku hiyo watu wa Ansbert walikuwa wanakuja kutoka Biharamulo kwa mara ya pili, na walishasema ndiyo ya mwisho. Wazee wetu wakikataa tena, basi, mimi na Ansbert tumekwisha. Nilikuwa nimevuka miaka thelathini na mitano, umri ambao kwetu Kirushya, kule Ngara, watu huacha kukuuliza utaolewa lini, wakaanza kukuuliza kama una mbegu za maharage za kuazima. Nilimtaka mwanamume yule. Nasema hivyo bila haya, maana wakati ule nilikuwa naiambia sufuria tu.

Lakini nianze na baba. Baba yangu, mzee Bizimana, alifiwa na mama yangu nikiwa bado shuleni. Kaka yangu Clever alikwenda machimboni Geita, na huko aliko hupiga simu Krismasi, na Pasaka akikumbuka. Tukabaki wawili katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya watu wengi. Kila jioni nilimenya ndizi mlangoni pa jiko, naye alikaa kwenye kigoda na redio magotini, akinisimulia habari zilezile ambazo redio ilikuwa imetoka kuzisema na mimi nimezisikia kwa masikio yangu. Alipomaliza moja, alinyamaza. Nami nikajibu, "Kumbe!" Akaendelea na nyingine. Ndivyo tulivyoishi, yeye habari, mimi kumbe. Taa ikizimwa nilimsikia akikohoa upande wa pili wa ukuta, na bila shaka naye alinisikia nikijigeuza.

Ansbert nilimpata Nyakanazi. Nilikuwa nimepeleka mikungu kwa mama mmoja mwenye kibanda cha chakula pale njia panda, basi la kunirudisha Ngara likafa injini. Mezani alikuwepo mwanamume mmoja tu, amevaa sare za askari wa hifadhi, anakula wali na maharage polepole, kama asiye na wa kumwahi nyumbani.

"Dada, kaa ule," akaniambia. "Basi lile haliondoki leo."

"Kwani wewe ni fundi?"

"Hapana. Ila dereva ameshaagiza bia."

Weee! Nilicheka mpaka yule mama akachungulia. Nilikuwa nimesahau kwamba nina kicheko cha namna ile. Ansbert alikuwa mtu wa Biharamulo, umri umekwenda naye hajaoa, kwa sababu kazi yake ilikuwa ni kulala porini majuma matatu na kurudi nyumbani juma moja, na wasichana wa siku hizi hawataki mume wa kukopeshwa. Mimi nilimwambia nimezoea nyumba yenye kimya.

Walipokuja kujitambulisha mara ya kwanza, mambo yalianza vizuri. Rubisi ya baba, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa tamu, na mshenga wao Renatus, baba mdogo wa Ansbert, alijua kuongea na wazee. Nilisimama nyuma ya mlango nikiwahesabia vicheko. Kisha baba mkubwa Celestini, kaka yake baba, akaweka kibuyu chini, akauliza lile swali ambalo lazima liulizwe.

"Ninyi wenzetu, muziro wenu nini?"

Muziro ni mnyama wa ukoo. Hamumli, hamumuui, hamvai wala kulalia ngozi yake, na aliye na muziro kama wako ni ndugu yako hata kama hamjawahi kuonana. Ndugu hawaoani. Padre anaweza kuitangaza ndoa kanisani Jumapili zote za mwaka, lakini muziro usipokaa sawa hakuna mtu wa kilima chetu atakayekuja kula pilau yako.

"Sisi ni watu wa tohe," akasema Renatus.

Nikashusha pumzi, maana sisi ni watu wa nzohe. Majina yanakaribiana, nani asiyesikia? Lakini wanyama wenyewe hata hawasalimiani. Tohe hukaa katika nyasi ndefu kando ya maji, na rangi yake ni ya nyasi hizohizo zikikauka. Akishtuka hupiga mluzi. Nzohe ni wa ndani kabisa ya matete, ana kwato ndefu zilizotanuka za kukanyagia matope, na akifukuzwa hujizamisha majini akabakiza pua. Hayo yote nilifundishwa na baba mwenyewe nikiwa mdogo. Ujanani alikuwa mwindaji kule bondeni, kabla wanyama hawajaisha upande wetu, na kilima kizima hakikuwa na mtu mwingine hai aliyewahi kuwaona wote wawili kwa macho yake. Ndiyo maana Celestini alimgeukia.

"Bizimana, wewe ndiye uliyewaona. Ni wawili hao, au ni mmoja?"

Baba akatazama kibuyu chake. Akatazama mlango, uleule niliosimama nyuma yake. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Ni mmoja. Wa huku wanamwita hivi, wa kule wanamwita vile. Mnyama ni mmoja."

"Basi hawa watoto ni kaka na dada," akasema Celestini, na kikao kikaishia hapo. Sikulia. Nilikwenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Ansbert hakukata tamaa upesi. Alikuja peke yake baada ya siku chache, na simu yake imejaa picha alizopiga porini Burigi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, naomba utazame. Huyu ni tohe. Na huyu, huyu ni nzohe."

Baba hakuinamisha hata shingo. "Mwanangu, simu hiyo inaweza kunionyesha hata ng'ombe mwenye mabawa."

Nilimsindikiza Ansbert hadi barabarani, tukasimama chini ya mikaratusi kama watu waliofiwa. Akanionyesha mimi zile picha, nafikiri kwa kukosa la kufanya na mikono yake. Nikamwona nzohe, manyoya marefu yamelowa, mistari myeupe ubavuni. Nikamwona tohe. Chini ya sikio la tohe palikuwa na baka jeusi lisilo na nywele, mviringo, kama kovu la kaa la moto. Baka lile nalifahamu. Nimelichezea kwa kidole tangu sijajua kutembea.

Lilikuwa kitandani kwa baba. Ngozi ile, iliyochunwa mpaka kichwani, ilikuwepo nyumbani kabla yangu. Mama alinizalia juu yake, na baba hakuwahi kulalia kitu kingine, hata tuliponunua godoro aliitandika juu. Sikuwahi kuuliza ni ya mnyama gani, kama vile hakuna mtoto anayeuliza ukuta ulitokana na udongo wa wapi. Nilirudi mbio, nikainua shuka, nikaipindua. Rangi ya nyasi kavu. Mstari hata mmoja hakuna.

Mtu wa nzohe halali juu ya nzohe, hata akilewa vipi. Kama tohe na nzohe ni mmoja, baba alikuwa amemlalia ndugu yake maisha yake yote. Kama ni wawili, amewadanganya wazee mbele ya wageni. Njia ya mwongo ni fupi jamani, na hii ya baba ilikuwa na urefu wa kitanda.

Nilikasirika nikaogopa hasira yangu mwenyewe. Jioni alinisimulia habari za redio, sikusema kumbe. Akanyamaza, akangoja, akaanza nyingine, akangoja tena. Nilikuwa najua kwa nini alidanganya, na ndilo lililoniuma zaidi. Angekuwa mkorofi ningemchukia nikapumzika. Lakini nilikuwa nimeyaona macho yake yakiutazama ule mlango.

Ningeweza kwenda kwa Celestini nikasema. Sikuweza. Mtoto anayemvua mzazi wake nguo hadharani ataificha wapi sura yake? Nikasema basi, mdomo wangu ukae kimya, ngozi ijisemee. Ndiyo maana watu wa Biharamulo walipokuja mara ya pili, niliitundika langoni.

Baba na Celestini walikuwa wamekaa uani tangu kabla sijaitundika, migongo yao kwa lango, wanakoroga rubisi. Nikasikia hatua barabarani. Ansbert alitangulia, amebeba kikapu, Renatus nyuma yake anahema kwa kilima. Ansbert alifika langoni, akainua macho, akasimama.

Yesu na Maria! Hapo ndipo akili iliponirudia. Nilikuwa nimemfikiria baba tu, baba na uongo wake, usiku na mchana, hata nikasahau kwamba tohe ni muziro wao. Nilikuwa nimewatundikia ndugu yao mlangoni, aliyeuawa na kuchunwa, halafu nikawaambia wainame wapite chini yake. Ansbert aligeuza uso kidogo akanitazama pale jikoni. Askari wa porini huyo, alishaijua ngozi kabla hajaifikia. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilinitisha kuliko hasira.

"Karibuni, karibuni!" Celestini akageuka. "Mbona mmesimama? Na hiyo ngozi ya nini hapo? Zita, hiyo ngozi ya nini?"

Baba naye akageuka. Sijui kama mtu anaweza kuzeeka wakati unamtazama, lakini mimi nilimwona. Kibuyu kilimwinamia mkononi, rubisi ikamwagika kwenye kanzu yake ya kanisani, asiisikie. Na mimi niliyejiapiza kwamba leo ni leo, nikasikia sauti yangu ikisema:

"Ya mbuzi, baba mkubwa."

"Ya mbuzi? Basi itoe, wageni wapite."

Sikujongea. Neno moja tu la Ansbert lingetosha. Angesema "Hii ni tohe," angekuwa ameshinda, angeondoka na mke. Alitazama ngozi, akamtazama baba, akaona ile rubisi inavyotiririka. Akavua kofia. Akainamisha kichwa ili apite chini ya muziro wake kama vile anapita chini ya ngozi ya mbuzi, kwa sababu mimi nimesema ni mbuzi, na kwa sababu yule mzee alikuwa baba yangu.

"Usipite!"

Baba alikuwa amesimama. Sijawahi kumsikia akipaza sauti, si kabla wala baadaye.

"Usipite hapo, mwanangu. Huyo si mbuzi. Huyo ni tohe. Nilimuua mwenyewe kule bondeni kabla sijamwoa mama yake Zita."

Celestini akabaki mdomo wazi. "Bizimana, una maana kwamba tohe..."

"Tohe si nzohe. Hawajawahi kuwa mmoja. Niliwadanganya."

"Lakini kwa nini, ndugu yangu?"

Baba alitafuta kigoda kwa mkono, akakikosa, akakaa chini kabisa, kwenye udongo.

"Nikisema habari za redio," alisema, "nani ataniambia kumbe?"

Wazee wakatazamana. Walidhani rubisi imempanda. Katika ua mzima nilikuwa mimi peke yangu niliyeelewa, na nilielewa mpaka nikashika nguzo ya jiko.

Yaliyofuata yalikuwa marefu na ya kawaida. Baba aliishusha ngozi mwenyewe, akaikunja akaipeleka ndani, akarudi akapiga magoti kuwaomba radhi watu wa tohe. Renatus alimwinua. Wakanywa. Baada ya mavuno ya maharage nikaolewa katika kanisa letu, na baba alicheza ngoma siku hiyo kuliko kijana yeyote, mpaka watu wakasema mzee ana furaha. Mimi nilikuwa natazama miguu yake tu. Ilikuwa inacheza kama inayokanyaga moto uzimike.

Nina mume mwema, hilo nisije nikalikosea. Ila majuma matatu kila mwezi yuko Burigi na wanyama wake, na mimi niko Biharamulo katika nyumba ya bati yenye sebule kubwa. Majirani ni watu wa salamu. Mungu hakutujalia mtoto. Mwezi wa kwanza tu nilinunua redio, na habari ya kwanza ilipoisha nikajikuta nimesema kumbe, peke yangu, sebuleni.

Baba alikwenda mpaka kwenye mikaratusi ya barabarani kutafuta mtandao kila simu yake iliporudi kutoka kuchajiwa dukani. Alinisimulia habari, nami nikamjibu kama zamani, ingawa mara nyingi sauti ilikatika na sijui kumbe zangu ngapi zilifika.

"Uko na watu, baba?"

"Niko na watu tele. Nyumba haikauki."

Nikamwamini, maana ilinifaa kuamini.

Kisha asubuhi moja, miaka ikiwa imepita, aliyenipigia simu hakuwa baba. Alikuwa mama Priscila, mjane wa ng'ambo ya bonde, mwanamke ambaye utoto wangu wote nilimjua kama kitambaa chekundu kinachotembea mbali kwenye migomba. "Zita, njoo nyumbani," alisema. "Njoo na mumeo."

Tulimzika baba kando ya mama. Watu walipopungua, Priscila akaja akaketi karibu yangu kwenye mkeka, akichambua kijiti.

"Kesho yake ulipoolewa," akaanza, "baba yako alinikuta kisimani. Akaniambia, Priscila, wewe ukiwa kwako unauona ua wangu. Kila asubuhi nitaanika ngozi mbele, juu ya wigo wa ua. Ukiiona, ujue nimeamka. Usipoiona, chukua mtu mje."

"Kila siku?"

"Kila siku. Mvua ikinyesha aliitundika barazani, mahali ninapopaona. Miaka yote hiyo. Juzi sikuiona. Nikasema labda amechelewa. Nikapalilia kidogo, nikatazama. Nikapalilia tena, nikatazama. Nikamwita Fideli, mwanangu, tukaja."

"Na wageni wake? Aliniambia nyumba haikauki."

Priscila akanitazama kwa huruma ambayo sikuistahili. "Wageni gani, mwanangu?"

Kabla ya kuondoka niliishika ngozi ile siku nzima nikiwa sijui pa kuipeleka. Nyumbani kwangu haiwezi kuvuka kizingiti, mume wangu ni mtu wa tohe. Ansbert alikwenda kusimama barabarani ili nisione kwamba anangoja. Kuichoma nilishindwa. Mwisho nikaianika juu ya wigo wa ua, mbele, palepale, nikalilainisha baka lake jeusi kwa kidole, nikaiacha. Mvua zitaimaliza, nikajisemea.

Hazikuimaliza. Mwezi ukapita, Clever akampigia simu mtu wa kijijini kuulizia shamba, huyo mtu akashangaa: mbona ngozi ya mzee Bizimana usiku haipo na asubuhi ipo? Nani anaishi pale? Clever akaniuliza mimi, nami nikampigia Priscila.

"Ni mimi," akasema, bila kuona haya. "Jioni naiingiza, asubuhi naitoa. Kisha narudi kwangu."

"Mama, ng'ambo yote hiyo! Na magoti yako! Iache tu ioze."

Nilisikia kuku wake, na jembe likiwekwa chini.

"Nikiiacha ioze," akasema, "nikiamka nitatazama nini?"

Tulibaki wote wawili kwenye simu, Kirushya na Biharamulo, hakuna anayekata. Tangu siku hiyo nampigia kila asubuhi, Ansbert awepo asiwepo, kabla sijawasha moto.

"Shikamoo, mama. Umeanika?"

"Marahaba. Nimeanika."

"Kumbe," namwambia.